Zeiss Ikon Nettar 518/16: filamu ya 120 ndani ya mfuko wa koti

Nianze na jibu ili mwenye haraka asipoteze bando. Kama unataka kupiga filamu ya 120, yaani ile pana ya roli, na unaishi Kampala, Jinja, Mbarara, popote ambako siku yako inapita kwenye boda na kwenye taxi, basi Nettar 518/16 ndo kamera ya kukunja ningekwambia ununue kabla ya nyingine yoyote, na sababu yangu kubwa ni moja, inaingia mfukoni. Shida zake zote na utamu wake wote vinatokana na hilo hilo. Kuna kamera za 120 zenye lenzi kali kuliko hii, sibishi, lakini kamera nzito inayotaka begi lake peke yake utaibeba wiki ya kwanza, wiki ya pili utaiacha nyumbani, na hata ukiibeba kila mtu pale Old Taxi Park atajua umebeba nini. Hii naitia mfuko wa ndani wa koti, nafunga zipu, napanda boda, na hakuna anayejua.

Kidogo kuhusu ilikotoka. Zeiss Ikon iliundwa Ujerumani mwaka 1926 makampuni manne yalipoungana, Ica, Ernemann, Goerz na Contessa-Nettel, alafu baada ya vita kuu ya pili nchi ikagawanyika na upande wa magharibi ukaendelea na kazi Stuttgart, kamera hizi ni za huko, za miaka ya 1950. Ile /16 mwishoni maana yake picha za mraba za sentimita 6x6, ukiona /2 jua hiyo ni ya 6x9 na ni ndefu zaidi. Nettar ilikuwa kamera ya familia ya kawaida, Ikonta ilikuwa juu yake, na Super Ikonta yenye kipima umbali ilikuwa ya wenye pesa zao. Hilo la kuwa kamera ya watu wa kawaida ndo limeifanya iwe rahisi kutengenezeka mpaka leo, hamna betri, hamna waya wa umeme, hamna kioo cha kuruka juu na kushuka, ni shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, iliyokaa ndani ya lenzi, sanduku la chuma, na mvukuto, yaani ile ngozi nyeusi ya mikunjo inayojikunja na kujikunjua kama kinanda cha mkono. Bonyeza kitufe, mlango wa mbele unaanguka, lenzi inatoka na kujifunga mahali pake, klak, uko tayari.

Sasa kwa nini mtu ahangaike na 120 wakati simu iko mkononi? Mimi kazi yangu ni kupiga kwanjula, ile sherehe ya utambulisho, na harusi kwa dijitali, inanilisha na naipenda, siidharau hata kidogo. Lakini 2019 Makumbusho ya Uganda pale Kira Road yaliweka maonyesho ya picha za enzi za Idi Amin, zilitoka kwenye negativu za wapiga picha wa serikali zilizokaa miaka na miaka kabatini UBC, shirika la utangazaji la Uganda, makumi ya maelfu ya negativu, na nilivyosimama mbele ya zile picha kilichonishika ni kwamba hazikuhitaji chaja wala paswadi wala mtu wa kuhamisha mafaili kila miaka mitano, zilikaa tu gizani zikasubiri. Mtu akizishika juu ya mwanga anaona kila kitu. Nikataka na mimi picha zangu baadhi ziwe za namna hiyo, na nikishaamua filamu basi nataka filamu kubwa. Negativu ya 6x6 kiukweli ina milimita kama 56 kila upande, ukipiga hesabu ni zaidi ya mara tatu na nusu ya eneo la filamu ndogo ya 35mm, na tofauti hiyo unaiona ukichapisha, ngozi ya mtu inakuwa ngozi, hainyambuki kuwa chembechembe. Na 120 si filamu ya kufufuliwa, Kodak waliitoa 1901 na mpaka leo Kodak, Ilford na Foma bado wanaitengeneza.

Kupiga picha moja na hii kitu kuna kazi, nisikudanganye. Unafungua kamera, unavuta filamu huku unachungulia kidirisha chekundu cha nyuma mpaka namba itokee, unakadiria umbali kwa macho na kuzungusha kipande cha mbele cha lenzi, unaweka tundu la lenzi, zile namba za f/, namba ndogo ndo tundu kubwa, unaweka spidi, unakoki shata kwa kijino kilicho juu ya lenzi yenyewe, alafu ndo unachungulia na kubonyeza kitufe kilicho juu ya bodi. Filamu ikishavutwa kuna alama nyekundu inatokea kwenye kijidirisha kidogo juu, na usipovuta kitufe kinagoma, kwa hiyo huwezi kupiga picha mbili juu ya moja kwa bahati mbaya. Picha ni 12 kwa roli, basi. Mtu aliyezoea kumwaga picha mia tatu kwenye kwanjula moja atashtuka, ila baada ya muda mkono unazoea na unaanza kuona picha kabla hujafungua kamera, na mimi hilo limenisaidia mpaka kwenye dijitali.

Kinachowatisha wengi ni umbali. Kamera haina kitu chochote cha kukusaidia kufokasi, kile kioo cha kuchungulia ni dirisha tu la kuonyesha ukingo wa picha, hakikwambii kama umelenga sawa au la. Hapa ndo wale mafundi wa zamani walifikiria vizuri sana. Angalia kwenye duara la umbali utaona nukta nyekundu, na kwenye duara la tundu pia kuna nukta nyekundu, iko katikati ya f/8 na f/11. Ukiweka zote mbili kwenye nukta, kila kitu kuanzia kama mita 5 mpaka mbali kabisa kitakuwa safi, huna haja ya kugusa tena. Tia filamu ya ISO 100, yaani namba ya kasi ya filamu kupokea mwanga, weka spidi ya sekunde 1/300, jua likiwa wazi hiyo ndo mwanga sahihi au karibu sana na sahihi, na kamera ya mwaka hamsini na kitu inakuwa nyepesi kutumia kuliko simu. Nikiwa Owino au Kisenyi nakaa kwenye nukta nyekundu muda wote, natoa, napiga, narudisha mfukoni.

Shida inaanza ukisogea karibu na watu, na picha za watu ndo ninazozipenda. Lenzi ni ya 75mm, kwenye 6x6 inaona kama ile ya 40mm kwenye kamera ndogo, kwa hiyo ukitaka uso ujae lazima usogee. Ukiwa mita moja na nusu na umefungua mpaka f/4.5, sehemu iliyo safi ni sentimita kama 18 tu mbele na nyuma jumla, ukikosea kwa mkono mmoja umepata sikio safi na jicho la ukungu. Njia yangu ni hii, pikipiki ya boda ina urefu wa kama mita 2, na macho ya mtu wa Kampala yameshaona pikipiki mpaka basi, kwa hiyo najiuliza kati yangu na huyu mtu ingeingia boda moja, au boda moja na nusu, au mbili? Naweka namba hiyo na nafunga tundu mpaka f/8 kama mwanga unaruhusu. Inafanya kazi vizuri kuliko kuhesabu hatua, maana hatua unazihesabu ukiwa unatembea kumwelekea mtu na yeye anaanza kujipanga. Angalia pia duara lako limeandikwa mita au futi, ziko za aina zote mbili. Na ukiwa karibu acha nafasi juu ya kichwa, kile kioo cha kuchungulia kiko juu ya lenzi na hakioni sawasawa na lenzi inavyoona.

Pale mwaloni Ggaba kuna mama mmoja anauza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, ananijua sasa. Mara ya kwanza nilipomwomba picha aliiangalia Nettar akaniambia, "Mwanangu, hiyo kamera mbona haina kioo cha kuonyesha picha?"

Nikamwambia, "Mama, picha iko ndani kwenye filamu. Nitaisafisha nikuletee."

"Ukisema utaleta ulete kweli. Wengi wanapiga wanaenda zao."

Nikapiga moja tu, yuko kwenye kivuli cha kibanda, mikono iko ndani ya rundo la mukene juu ya turubai. Niliichapisha inchi 8 kwa 8. Kwenye ile karatasi unaweza kuhesabu mukene mmoja mmoja, kila mmoja na jicho lake, magamba yamegandia kwenye vidole vyake mpaka juu ya pete, na mshono wa gauni lake la gomesi begani unaonekana uzi kwa uzi. Nilivyompelekea aliishika kwa ncha za vidole ili isilowe, akamwita jirani yake, "Njoo uone mikono yangu." Hakusema uso, alisema mikono. Hiyo picha ilitoka kwenye lenzi ya vipande vitatu tu, Novar, ambayo watu wengi wa kamera wanaipita wakikimbilia Tessar, lenzi ya Zeiss ya vipande vinne. Ifunge mpaka f/8 au f/11 na itakupa kila kitu. Ukiifungua mpaka mwisho pembe zinalainika, ni kweli, na mimi kwa sura ya mtu silalamiki. Kitu isichokipenda kabisa ni jua la mbele, upakaji wa lenzi za wakati ule ni wa tabaka moja na picha ya jua kuzama ziwani inakuja imepauka yote, kwa hiyo weka jua mgongoni au ubavuni, au ziba kwa kiganja.

Mwanga wa huku kwetu unahitaji kuuelewa peke yake kwa sababu kamera haina mita ya kupima mwanga. Ile kanuni ya f/16 kwenye jua wazi na spidi sawa na ISO inafanya kazi Kampala bila shida kuanzia saa tatu asubuhi, lakini kati ya saa tano na saa tisa jua liko utosini kabisa, tuko ikweta, na mtu mweusi aliyevaa kofia saa saba mchana macho yake yanageuka mashimo mawili meusi hata hesabu yako iwe sahihi vipi. Usipige sura muda huo. Mpeleke chini ya mwembe au kwenye baraza, fungua hatua tatu, yaani kutoka f/16 mpaka f/5.6 kwa spidi ile ile, na ngozi itatoka na uhai wake. Ukiwa na shaka ongeza hatua moja ya mwanga, filamu nyeusi na nyeupe inavumilia mwanga mwingi ila haisamehi mwanga mdogo. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni ndo muda wangu, jua huku linazama karibu wakati ule ule mwaka mzima na ukishalizoea huhitaji hata programu ya mita kwenye simu, ingawa programu zipo za bure na kwa anayeanza zinasaidia.

Filamu ya ISO 100 ndo naipendekeza kwa mchana. Ya 400 kama HP5 ya Ilford ni tamu lakini mchana utakaa f/16 na f/22 kutwa nzima maana shata inaishia 1/300, hiyo ni kwa yangu yenye shata aina ya Prontor, zilikuja na shata tofauti na zingine zinaishia 1/200 na zina spidi chache tu. Ukiwa na uwezo wa kuchagua chukua ya Prontor inayoanzia sekunde 1, utaihitaji jioni ukiwa na stendi. Alafu kile kidirisha chekundu cha nyuma kifunike kila ukishaona namba, jua letu ni kali na filamu ya kasi inaweza kupata mwanga kupitia pale, kama kifuniko kimekufa bandika tepu nyeusi na uifunue kivulini tu.

Shata. Hapa ndo pesa yako inapopotea au kuokoka. Karibu kila kamera ya umri huu ina spidi za chini zilizolala, unaweka sekunde 1 inakaa sekunde 3 au inagoma kabisa kati, kwa sababu mafuta ya zamani yamekuwa gundi. Yangu ilikuja hivo hivo. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa Old Kampala, nikamkuta ameinama kwenye meza yake ya kioo.

"Mzee, habari ya kazi?"

"Nzuri kijana wangu, leta."

Akaigeuza geuza, akaikoki, akaiweka sikioni, akaachia sekunde 1 na kusikiliza zile gia zikikwama. "Hii ni saa tu," akasema. "Ina gia, ina springi, ina uchafu." Kabla hajafungua chochote alichukua sindano akakwaruza alama ndogo kwenye lenzi ya mbele na alama nyingine kwenye pete yake, alafu akaanza kuifungua taratibu mno, na pale pale nyuzi zilipoachia akaweka alama ya pili. Hiyo ndo siri yote ya kutengeneza hizi kamera, manake fokasi inafanywa na hicho kipande cha mbele kuzunguka kwenye nyuzi, ukikirudisha kwa kuanzia uzi mwingine kamera haitafokasi sawa tena hata kidogo, na mafundi wengi wasiojua wameharibu kamera hapo. Akasafisha gia kwa pamba ndogo iliyochovywa kwenye petroli ya kiberiti, hakutia mafuta isipokuwa tone dogo sehemu moja, akarudisha kwa alama zake. Alinitoza hela ya kusafisha saa. Nilivyofika nyumbani nilirekodi sauti ya shata kwa simu na kupima urefu wake kwenye programu ya sauti, sekunde 1 ilikuwa karibu kabisa na sekunde 1. Kwa hiyo kama huna fundi kamera mjini kwako usikate tamaa, tafuta fundi saa wa zamani mwenye subira, na umwonye kuhusu lenzi ya mbele kabla hajagusa, kwa adabu, yeye ndo mkubwa.

Kitu kimoja usiguse, ile taima ya kujipiga mwenyewe, alama ya V kwenye shata za Prontor zinazokuja nayo. Ikikwama katikati shata nzima inakwama nayo. Na spidi ibadilishe kabla ya kukoki, sio baada.

Mvukuto wa Zeiss kwa kawaida ni imara, hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua hii. Kuupima ni rahisi, ingia chumba chenye giza usiku, fungua mgongo wa kamera, tia tochi ya simu ndani, na zungusha ukiangalia pembe za mikunjo, kitobo hata kiwe cha ncha ya sindano kitawaka. Vitobo viwili vitatu vinazibika kwa rangi nyeusi ya kitambaa, vikiwa vingi achana nayo. Alafu kuna kanuni moja ya kamera zote za kukunja ambayo haiandikwi mara nyingi, fungua kamera polepole na uvute filamu baada ya kufungua. Ukiifungua kwa nguvu mvukuto unanyonya hewa na kuivuta filamu mbele, inaacha kuwa bapa, na picha inatoka na ukungu katikati huku unashangaa umekosea umbali wapi.

Unyevu ndo adui mwingine. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, lenzi zinaota kuvu ndani zikikaa kabatini, na kile kifuko cha ngozi kinachokuja na kamera ndo nyumba ya kuvu, kitunze mbali na kamera. Mimi natunza Nettar kwenye kopo la plastiki la kufunga na vifuko vya silika, na angalau mara moja kwa wiki naitoa inapata mwanga.

Filamu kupata ndo kazi. Dukani Kampala sijaona 120 ikikaa rafuni, naagiza kwa jamaa wanaotoka nje, roli moja ya nyeusi na nyeupe inaanzia kama dola 7 mpaka 12 kutegemea aina, Fomapan ikiwa upande wa chini. Mwambie anayekuletea aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa macho uwanjani, zile mashine mpya za kuskani za CT zinaharibu filamu ambayo haijasafishwa na watengenezaji wenyewe wanaonya. Rangi inawezekana, Kodak walileta Gold 200 kwa 120 mwaka 2022, ila nyeusi na nyeupe unasafisha mwenyewe nyumbani na hapo ndo gharama inashuka kweli. Begi la giza, tangi, dawa ya kusafishia, fiksa, maji. Natumia Rodinal, dawa ya tangu 1891, kwa sababu ya kimiminika chake kukaa chupani muda mrefu bila kuharibika, na unatumia mililita chache kwa kila roli. Dakika za dawa zote zimehesabiwa kwa nyuzi 20 na maji ya bomba huku yana joto kuliko hapo, kwa hiyo weka chupa kwenye beseni lenye vipande vya barafu mpaka zishuke, usibahatishe, joto likizidi chembe zinanenepa na negativu inakuwa nzito. Kukausha, ning'iniza bafuni baada ya kumwaga maji ya moto kidogo, mvuke unaangusha vumbi. Ukikausha barazani kwenye barabara ya murramu utajuta kila ukiskani.

Na ile spuli tupu inayobaki usitupe kamwe, ndo inayohamia upande wa pili kuvuta roli inayofuata. Ukipeleka filamu kwa mtu akusafishie mwambie akurudishie spuli.

Watu wananiuliza kuhusu zingine. Agfa Isolette ni nzuri kwa lenzi lakini inajulikana kwa mambo mawili, mvukuto unaotoboka pembeni na grisi iliyoganda mpaka lenzi ya mbele haizunguki, ukipata iliyokwisha kutengenezwa chukua, isiyotengenezwa iache. Voigtländer Perkeo ni ndogo hata kuliko Nettar na ikiwa na lenzi ya Color-Skopar ni kali zaidi, ningeichukua kesho nikiipata kwa bei ya Nettar, siipati. Moskva-5 ya Urusi ni 6x9 na ina kipima umbali, ila ni nzito na mfukoni haiingii, kwa hiyo kwangu imetoka. Fuji GF670 ya 2009 ina mita ya mwanga na kila kitu ndani, na bei yake ni ya kununulia boda. Kuwa makini na Kodak za kukunja, nyingi zinatumia filamu ya 620, upana ni ule ule wa 120 lakini spuli ni nyembamba na 620 iliacha kutengenezwa 1995, utauziwa kwa bei rahisi alafu uanze kuhamisha filamu gizani kutoka spuli hii kwenda ile.

Kununua, yangu ilitoka Ujerumani kupitia mtandao na ilinigharimu chini ya dola 100 kwa ujumla, ushuru ukiwa ndani. Muuzaji mwombe vitu vitatu kabla ya kutuma hela: picha ya mvukuto kwenye giza na tochi ndani, video ya shata kwenye sekunde 1 na 1/25 sauti ikisikika, na video ya lenzi ya mbele ikizunguka kutoka karibu mpaka mbali kabisa kwa vidole viwili. Akikwambia hajui kufungua kamera au hana muda, achana naye utafute mwingine, Zeiss Ikon walitengeneza Nettar nyingi mno na zipo zinauzwa kila siku.